Kilomita 90 za hisani: miguu huwa ya mwisho kulalamika

Mtu akishaandikisha jina kwenye msafara wa baiskeli wa kuchangisha fedha, iwe za wodi ya watoto njiti au za madawati ya shule, wasiwasi wake wa kwanza ni miguu. Itaweza? Wazoefu wa misafara hiyo wana jibu jingine. Wageni wengi wanaopandishwa kwenye gari la nyuma huwa bado na nguvu za kupanda ngazi. Kilichowashusha ni kiti kilichowachubua, viganja vilivyokufa ganzi, tumbo tupu lililozima taa kwenye kilomita ya 60, au pancha ya pili ilhali tyubu ya akiba ilikuwa moja. Mazoezi ya mgeni yaanzie huko: mahali mwili unapogusa baiskeli, yaani makalio, mikono na nyayo, kisha tumbo, kisha tairi. Miguu itafuata yenyewe.

Tuchukue njia inayofahamika na waendesha baiskeli wa Dar es Salaam. Unaanzia Tegeta, unapita Boko na Bunju, unavuka Mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani, kisha Mapinga, Kerege, hadi Bagamoyo mjini, halafu unageuza. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 90. Hakuna mlima wa kutisha, ni miinuko mifupi inayopanda na kushuka, na malori ni machache kuliko Barabara ya Morogoro, ambako hapafai kabisa kumpeleka mtu anayejifunza. Mgeni aliyejiandaa huenda kilomita 18 hadi 20 kwa saa. Hiyo ni karibu saa tano za kukanyaga pedeli, na ukijumlisha mapumziko ni saa sita. Ukiondoka saa 12 asubuhi unamaliza saa 6 mchana, jua likiwa utosini. Namba hizo mbili, saa tano kitini na jua la saa 6, ndizo zinazoamua karibu kila kitu hapa chini.

Namba ya tatu haiandikwi popote, ni upepo. Bagamoyo iko kaskazini-magharibi mwa Dar. Msimu wa kusi, yaani wa upepo utokao kusini, ambao ndio wenye misafara mingi kwa sababu mvua za masika zimekwisha, upepo unakusukuma wakati wa kwenda. Mgeni anajiona bingwa, anafika Bagamoyo kwa mwendo wa kilomita 26 kwa saa, anapiga picha. Kurudi ndiko kunakoanza hesabu. Upepo wa kusi huzidi nguvu jua linapopanda, kwa hiyo unakukuta usoni saa ileile ambayo mwili umechoka na maji yamepungua. Mabaharia wa pwani hii hawafurahii safari kabla ya kujua watarudi kwa upepo gani, nawe fanya hivyo. Kwenye mazoezi, anza kwa kwenda dhidi ya upepo ili urudi ukisukumwa. Wiki tatu za mwisho geuza mpango, uuzoee upepo wa usoni ukiwa umechoka, maana siku yenyewe hutachagua.

Baiskeli ipi? Ile iliyokuenea. Za mtumba kutoka Japani na Ulaya ndizo zinazowafaa wengi, hasa za matairi membamba kiasi na gia 6 hadi 21. Simama juu ya fremu ukiwa na viatu: kati ya bomba la juu na mwili ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Pitisha kidole chini ya fremu nyuma ya uma wa mbele, mahali mabomba yanapoungana. Rangi iliyopasuka kwa mstari au bonde dogo hapo maana yake baiskeli iligonga kitu, iache. Shika krenki, ule mkono unaobeba pedeli, na uitikise kushoto na kulia, ikicheza, golori au beringi za katikati zimekwisha. Kisha jaribu kuupandisha mwamba wa kiti, yaani bomba linalobeba kiti. Baiskeli iliyokaa miaka karibu na bahari mara nyingi mwamba umegandana na fremu kwa kutu na chumvi, na baiskeli ambayo kiti chake hakipandi wala kushuka haina faida kwako hata ukipewa bure.

Baiskeli nyeusi ya chuma, ile ya gia moja na breki za fimbo, nayo hufika Bagamoyo. Wabeba mkaa hupita na magunia matatu juu ya baiskeli kama hiyo bila kaptula maalumu wala kofia ya bei mbaya. Watazame wanavyoendesha: mwendo haubadiliki, hawasimami juu ya pedeli ovyo, wanashuka na kusukuma penye mwinuko mkali bila aibu. Ila breki za fimbo zikilowa hazishiki vizuri, kwa hiyo mwenye baiskeli hiyo aache nafasi kubwa mbele yake.

Sasa kiti, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yalipo. Mgeni hupenda kiti kiwe chini ili miguu yote miwili ifike ardhini. Anajisikia salama, lakini magoti yanabeba kila kitu yakiwa yamekunjika, na baada ya kilomita 30 maumivu huanza mbele ya goti, chini kidogo ya kifuniko chake. Kipimo cha haraka hiki hapa: egemea ukuta ukiwa umekaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukihamisha unyayo hadi sehemu pana ya mbele ya mguu, mahali panapostahili kukanyagia, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Mwambie mtu akutazame kwa nyuma ukiendesha. Nyonga zikicheza kushoto na kulia, kiti kiko juu mno, na maumivu yatakuja nyuma ya goti. Rekebisha milimita 5 kwa wakati mmoja, endesha siku mbili, ndipo uguse tena. Kwenye mwamba wa kiti kuna mstari uliochongwa wa kikomo. Usionekane juu ya fremu, vinginevyo mwamba utavunjika au utapasua fremu.

Uso wa kiti uwe sawa kama maji kwenye beseni. Anayechubuka mbele huinamisha pua ya kiti chini, naye anahamisha tatizo tu: mwili unateleza mbele, mikono inausukuma nyuma, na ndani ya saa moja kidole kidogo na jirani yake vinakufa ganzi. Ni mshipa wa fahamu unaopita pembeni mwa kiganja unaobanwa. Dawa yake ni kiti kilicho sawa, viwiko vilivyolegea, na kubadilisha mahali pa kushika usukani kila baada ya dakika chache. Usingoje ganzi ianze. Kila kilomita 5 simama juu ya pedeli kwa kuhesabu hadi ishirini ili damu ipite makalioni. Wageni wengi hawalifanyi hili kwa sababu halionekani kuwa na maana hadi kilomita ya 50, na wakati huo wameshachelewa.

Kiti laini chenye sponji nene hudanganya pia. Ukikibonyeza dukani unakipenda, lakini sponji huzama, mifupa ya kukalia inatumbukia, na nyama zilizo katikati ndizo zinazobeba uzito. Kiti kigumu kiasi, chenye upana wa kubeba mifupa miwili ya kukalia, ndicho cha saa tano. Wiki mbili za kwanza utaumwa kwa vyovyote. Maumivu ya mifupa huisha mwili unapozoea, ila michubuko ya ngozi haizoeleki, ni dalili kwamba kuna kitu kinasugua.

Kinachosugua kwa kawaida ni chupi. Kaptula ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi ndani, na watu huona haya kuliambiana hili hadi mtu ameshachubuka. Mshono wa chupi ukilowa jasho hukata kama uzi. Paka mafuta ya mgando kwenye mapaja na penye mikunjo kabla ya kuondoka. Kaptula ifuliwe kila baada ya safari na ianikwe ndani-nje juani, kwa sababu kaptula ya jana ni kiota cha majipu. Juu yake vaa chochote unachokiona cha heshima: suruali nyepesi, kanzu fupi, sketi ya kukunja. Dera na baibui refu ni hatari si kwa sababu ya urefu tu bali kwa sababu upindo huvutwa na mnyororo au spoku na kukusimamisha ghafla. Ufunge upindo pembeni, juu ya goti, upande wa kushoto usio na mnyororo. Suruali, mguu wa kulia uingie ndani ya soksi.

Baada ya kiti, tairi. Barabara ya Bagamoyo ina maadui watatu wa tyubu: mbigili pembeni mwa lami, vipande vya chupa karibu na vituo vya daladala, na waya mwembamba unaotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Huo wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Ni mfupi kama nusu ya pini, hauonekani kwa macho, nao hubaki ndani ya tairi ukitoboa kila tyubu mpya unayoweka. Wageni waliopata pancha tatu mfululizo na kulaani tyubu za dukani kwa kawaida walikuwa wanatobolewa na waya uleule.

Soma kipimo pembeni mwa tairi kabla ya kununua tyubu. Kikiwa 700x28 na uzito wako ni kama kilo 70, upepo wa psi 80 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo kinachosomwa kwenye pampu) unatosha, 700x35 inataka kama 60, na inchi 26 pana kama 1.95 inataka 40 hadi 45. Kama baiskeli ni ya milimani yenye matairi ya meno, badilisha uweke matairi ya inchi 1.5 yasiyo na meno. Hakuna fedha utakayotumia ambayo itakupunguzia jasho kiasi hicho. Tyubu ya 26 haimfai mwenye 700, na baiskeli nyeusi ya kizamani yenye inchi 28 ni jambo jingine tena. Tazama na valvu. Ile nene inafanana na ya gari na inajazwa kwenye kituo cha mafuta, ile nyembamba ndefu inahitaji kichwa chake, na ya baiskeli nyeusi ina kimpira ndani kinachooza kwa joto, kwa hiyo beba kimpira cha akiba. Kwenye kituo cha mafuta jaza kwa miguso mifupi. Tyubu ya baiskeli ni ndogo, kompresa huijaza kwa sekunde chache na kuipasua.

Kuziba pancha kunafanyiwa mazoezi nyumbani, si barabarani. Legeza gurudumu, toa upepo wote, bandua upande mmoja wa tairi kwa vijiko vya plastiki. Bisibisi hutoboa tyubu. Vuta tyubu, ijaze, isogeze karibu na shavu au midomo ili uhisi hewa. Usiiondoe akilini ilivyokuwa imekaa, kwa sababu tundu lilipo linakuambia chanzo. Matundu mawili yaliyo sambamba kama alama za meno ya nyoka: tairi lilikuwa na upepo mdogo, ukapiga tuta au shimo, rimu ikabana tyubu. Tundu upande wa ndani, unaogusa rimu: utepe wa rimu umehama na kichwa cha spoku kinachoma. Kuchanika shingoni mwa valvu: uliendesha tairi likiwa legevu, au nati ya valvu ilikazwa mno. Tundu upande wa nje: kitu kimepenya tairi, na hakuna kuweka tyubu hadi kipatikane. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, pande zote mbili, kwa kitambaa kama unaogopa kujichoma. Kitambaa kitanasa kwenye waya.

Sugua eneo la tundu kwa msasa mpaka mng'aro uishe, upana uzidi kiraka. Paka solusheni, yaani gundi ya viraka, iwe nyembamba. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: subiri dakika 4 hadi 5 hadi solusheni ikauke na isishike kidole. Ikiwekwa kiraka ikiwa mbichi haishiki, nawe utarudi kuziba palepale. Bandika, kandamiza kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda nje. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo tu ili isijipinde, ingiza tairi kwa mikono, malizia penye valvu, isukume valvu ndani mara moja kisha ivute, halafu zungusha gurudumu ukitazama kama ukingo wa tairi umekaa sawa pande zote. Jaza. Mgeni akiweza kumaliza kwa dakika 20 ameiva. Siku ya msafara beba tyubu mbili nzima, viraka, pampu, vijiko viwili na spana inayofungua magurudumu yako. Kuziba kutakuwa kwa pancha ya tatu.

Mnyororo na breki havina maneno mengi. Pima mnyororo kwa rula kuanzia katikati ya pini moja: pini ya 24 mbele yake ikae kwenye sentimita 30.5. Ikifika 30.6 badilisha mnyororo peke yake, ikifika 30.8 meno ya nyuma nayo yameliwa na yatarusha mnyororo mpya. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huimwaga kwa moyo mmoja, hukusanya mchanga wa pwani na kuwa msasa. Tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo, zungusha, kisha futa mpaka nje paonekane pakavu. Kwenye breki, vipira viguse rimu, si tairi, na vishike kwa wakati mmoja. Waya ulioanza kukatika nyuzi karibu na mkono wa breki ubadilishwe leo.

Mpango wa mazoezi wa wiki 12 unamtosha mtu mwenye afya anayeweza tayari kuendesha nusu saa. Mwenye presha, sukari au maumivu ya kifua aanzie kwa daktari. Safari tatu kwa wiki: mbili fupi za dakika 45 hadi 60, moja ndefu ya Jumamosi au Jumapili. Safari ndefu zipande hivi kwa kilomita: 20, 27, 34, kisha ushuke hadi 24, 41, 48, 55, ushuke hadi 40, 63, 72, ushuke tena hadi 40, na wiki ya 12 ni msafara. Zile wiki za kushuka si za wavivu. Misuli na viungo hujijenga wakati wa kupumzika, na anayeziruka kwa kawaida huanza kuumwa goti wiki ya 6 au 7. Huhitaji kufikisha 90 kabla ya siku yenyewe. Aliyemaliza 72 akiwa bado anaweza kuzungumza atamaliza 90.

Kuzungumza ndicho kipimo. Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati, umezidisha mwendo. Safari ndefu yote iwe ndani ya kipimo hicho. Kuanzia wiki ya 5, moja ya safari fupi iwe na vipande vinne vya dakika 5 vya nguvu, kila kimoja kikifuatwa na dakika 3 za kulegeza. Safari nyingine fupi itumie kujifunza gia. Wageni hukanyaga gia nzito kwa mizunguko 50 au 60 kwa dakika kwa sababu wanahisi wanafanya kazi, na magoti ndiyo yanayolipa. Hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15, likifika mara 20 ni mizunguko 80 kwa dakika, na hapo ndipo pazuri. Badilisha gia kabla ya mwinuko, ukiwa bado na mwendo. Ukibadilisha ukiwa umeshakwama, mnyororo huruka au hukatika.

Mwezi wa Ramadhani usiuharibu mpango. Anayefunga afanye safari fupi za taratibu saa moja kabla ya futari, au usiku mapema baada ya kufuturu, mahali penye taa na gari chache. Safari ndefu mchana kwa mtu aliyefunga, kwenye joto la pwani, hazina maana yoyote. Hesabu wiki hizo kama wiki za kushuka na usogeze kalenda.

Chakula kina sheria moja: kula kabla ya njaa. Akiba ya wanga mwilini hutosha kama saa moja na nusu hadi mbili za kukanyaga kwa nguvu. Ikiisha, miguu inakuwa mizito ghafla, mikono inatetemeka, mtu anakuwa mkali kwa wenzake bila sababu. Hapo ndugu zake wanasema amechoka miguu, kumbe ana njaa. Anza kula dakika ya 45, kisha kila nusu saa kitu kidogo. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, na tende nne ndogo zinakaribia hapo. Kashata, kipande cha chapati, kiazi kitamu cha kuchemsha vyote vinafaa, ilimradi umevijaribu kwenye mazoezi. Vitumbua na sambusa vina mafuta, hukaa tumboni na kupanda kooni. Asubuhi kula saa mbili kabla ya kuondoka: uji wenye sukari na mkate, au chai na chapati moja. Maharage yaachwe tangu juzi yake, wenzako walio nyuma yako watashukuru.

Maji, wastani ni nusu lita hadi mililita 750 kwa saa. Kwa saa sita ni lita 3 hadi 4.5, na chupa mbili hazifiki lita 2, kwa hiyo panga utajaza wapi, mfano Mapinga na Bagamoyo. Chupa moja iwe maji matupu. Nyingine, ya mililita 750, iwe na sukari vijiko 6 vya chai, chumvi isiyozidi robo kijiko, na ndimu nusu. Maji ya dafu ni matamu na Bagamoyo hayakosekani, ila chumvi inayopotea kwa jasho yana kidogo, hayachukui nafasi ya chupa hiyo. Kunywa maji matupu mengi kupita kiu ni kosa pia: tumbo linajaa, kichwa kinauma, vidole vinavimba, na hali hiyo inaweza kuwa ya hatari kuliko kiu. Ukiona vipele vya baridi kwenye joto, kizunguzungu, au jasho limekatika, shuka. Kivuli, maji kichwani na shingoni, kanga mbichi mabegani, na kama mtu anaongea yasiyoeleweka apelekwe hospitali bila mjadala.

Barabarani kaa mita moja ndani ya ukingo wa lami, si juu ya ukingo wenyewe. Ukingo una mchanga na ngazi ya kushuka, gurudumu likitoka nje huwezi kulirudisha kwa pembe ndogo bila kuanguka. Bodaboda huja kinyume upande wako, hasa Bunju, kwa hiyo macho yatazame mbali. Kwenye rasta legeza viwiko na uinuke kidogo kitini. Kwenye tuta punguza mwendo kabla, achia breki wakati wa kupita.

Kwenye kundi, kukaa nyuma ya mwenzako kunakupunguzia karibu robo ya kazi, na kusi inafanya faida hiyo iwe kubwa zaidi. Lakini ndiko ajali nyingi za misafara zinakotokea: gurudumu lako la mbele likipishana na la nyuma la mwenzako, naye akasogea, wewe ndiye utakayeanguka, yeye hatajua hata kilichotokea. Acha urefu wa baiskeli moja hadi ujifunze, usitazame gurudumu lake bali mabega yake, na usishike breki ghafla. Anayeongoza apaze sauti: shimo, tuta, chupa, kushoto. Wa nyuma aseme gari. Kila neno lirudiwe hadi mwisho wa mstari.

Michango nayo ina ufundi wake, na waliowahi kuwa kwenye kamati za harusi wanaujua tayari. Ahadi zikusanywe na zilipwe kabla ya siku, kwa sababu baada ya picha kupostiwa watu husahau. Taja kiasi unachotaka kwa kila mtu na kitakachonunuliwa, neno la changia chochote huleta chochote. Fedha zipokelewe kwenye namba au akaunti ya kamati yenye mhazini, si simu yako, na kila aliyetoa apate ujumbe wenye kiasi chake. Tyubu, kaptula na chakula chako usivitoe kwenye michango.

Wiki ya mwisho usiguse kiti wala usinunue kitu kipya. Safari mbili fupi za nusu saa, usingizi, wali na ndizi kwa wingi kiasi. Siku mbili kabla, kaza boliti za usukani, kiti na magurudumu, jaza upepo, endesha dakika 15 na usikilize. Kinachogonga kitagonga zaidi kwenye kilomita ya 70.

Siku yenyewe saa ya kwanza iwe ya polepole hadi uone aibu. Wote watakupita hadi Mapinga, na upepo utakushawishi uwafuate. Bagamoyo pumzika dakika 20, zisizidi, maana misuli hupoa. Kula, jaza chupa zote mbili, pima tairi kwa kidole gumba. Kurudi, shusha gia moja kuliko unavyodhani unahitaji, inama kidogo, tafuta watu wanne au watano wa mwendo wako mpokezane mbele kila dakika mbili. Mkivuka Mpiji barabara itakuwa imejaa, daladala zinasimama popote, na kila mtu anataka kumaliza kwa mbio. Vunjeni kundi hapo. Nendeni mmoja mmoja, mkono karibu na breki, hadi Tegeta.